Abadilike au Abadilishwe? Istilahi za Kocha na za Kuondoka Kwake

Msomaji wetu mmoja wa Ibadakuli, katika Manispaa ya Shinyanga, ametuletea nakala za barua mbili. Barua ya kwanza iliandikwa na wanafunzi wanane, mashabiki wa timu ya mpira wa miguu ya chuo kimoja ambacho hatutakitaja. Ya pili ni jibu la ofisi ya chuo hicho. Wanafunzi walieleza kwamba timu yao imefungwa mara tano mfululizo, na kwa hiyo wanaomba "Mkufunzi Mkuu abadilishwe kabla ya muhula ujao". Ofisi ilijibu kwa kuwaita wote wanane mbele ya kamati ya nidhamu, wakaeleze ni kwa mamlaka gani wanafunzi wanadai kuondolewa kwa mtumishi wa cheo hicho.

Ilipofika siku ya kikao ndipo ilipodhihirika kwamba pande hizo mbili hazikuwa zikizungumza habari ya mtu mmoja. Wanafunzi walikuwa na maana ya mwalimu anayeifundisha timu yao. Ofisi, kwa upande wake, ilielewa kama inavyoelewa kila siku, kwamba mkufunzi mkuu ni cheo cha utumishi katika vyuo. Mwenye cheo hicho chuoni hapo alikuwa mama mmoja anayefundisha hesabu za biashara, ambaye hajapata kukanyaga uwanja wa mpira.

Tungeweza kuyacheka mambo haya na kuyaacha. Lakini mmoja wa wanafunzi hao alipoulizwa kwa nini hawakuandika "kocha", alijibu kwamba waliogopa neno hilo si sanifu kwa kuwa limetoka Kiingereza, nao walitaka kuandika Kiswahili fasaha. Kwa maneno mengine, walidhani wanatutii sisi tunaoshughulika na istilahi. Hapo ndipo jambo hili linapotuhusu, na ndiyo sababu tumeona yafaa kulieleza kwa kirefu katika kurasa hizi.

Mjadala wenyewe

Tulipopita Ibadakuli kwa shughuli nyingine tulipata nafasi ya kuwasikiliza wanafunzi hao na wenzao, jioni moja, baada ya mchezo wa kirafiki uliochezwa si mbali na uwanja wa ndege. Walikuwa wamekaa chini ya mwarobaini, pamoja na vijana wa mtaani na wazee wawili watatu waliozoea kuja kutazama. Mjadala ulikuwa mkali, nasi tuliona upesi kwamba ulikuwa na pande tatu wala si mbili.

Upande wa kwanza ulisema kwamba mwalimu huyo aondolewe. Hoja zao zilikuwa hizi: huwapanga wachezaji wa darasa lake kuliko wengine, humwacha mshambuliaji mmoja peke yake mbele, na hakubali kuulizwa. Upande wa pili ulisema abaki. Walikumbusha kwamba timu hufanya mazoezi siku mbili tu kwa juma, kwamba nusu ya wachezaji huwa nje ya chuo wakati wa mafunzo ya vitendo, na kwamba mwalimu huyo hanunui wachezaji bali hupokea wale walioletwa chuoni na masomo yao. Upande wa tatu, uliokuwa na watu wengi lakini wenye sauti ndogo, ulisema mwalimu abaki ila apewe msaidizi, tena awasikilize wachezaji.

Kila upande ulileta ushahidi wa jirani. Waliotaka mabadiliko waliitaja Geita Gold, ambayo mwaka 2021 iliuanza msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu ikiwa chini ya Etienne Ndayiragije, na ikaumaliza msimu huo mwaka 2022 ikiwa chini ya Fred Felix Minziro, katika nafasi ya 4. Msimu huo mchezaji wake George Mpole aliongoza ligi nzima kwa magoli 17. Waliopinga nao waliitaja Geita Gold hiyo hiyo: miaka miwili tu baadaye, mwaka 2024, ilishuka daraja, ikiwa imekwisha kupita katika mikono ya makocha wengine. Mzee mmoja aliongeza kwamba Shinyanga yenyewe imepata kuwa na timu mbili katika Ligi Kuu kwa wakati mmoja, Stand United na Mwadui, na kwamba zote mbili zilibadilisha makocha na zote mbili zikashuka, ya kwanza mwaka 2019 na ya pili mwaka 2021. "Sasa," akauliza, "kubadilisha huko kulisaidia nini?"

Hatukuwa na jibu la swali lake, wala si kazi yetu kulijibu. Kazi yetu ni kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ugomvi ule ilitokana na maneno mawili matatu ambayo kila mtu aliyatumia kwa maana yake.

Jina la mtu

Tuanze na jina la mwenye kazi. Katika Kiswahili cha michezo yako majina manne yanayogombea dhana hii: kocha, mwalimu, mkufunzi na meneja.

Kocha ni neno la kukopa, na historia yake yastahili kujulikana na wale wanaolionea haya. Asili yake ni mji mdogo wa Kocs huko Hungaria, uliopata sifa tangu karne ya 15 kwa kutengeneza magari mazuri ya kukokotwa na farasi. Jina la mji likawa jina la gari, likaenea katika lugha nyingi za Ulaya, Kiingereza kikiwa mojawapo. Katika miaka ya 1830 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oxford waliligeuza kwa mzaha, wakamwita hivyo mwalimu wa binafsi aliyemsaidia mwanafunzi kupita mtihani, kana kwamba amembeba garini na kumfikisha salama. Baada ya miaka 30 hivi neno likawa limeingia viwanjani. Kwa hiyo Waingereza nao walilikopa, na aliyewapa maana tunayoitumia sisi ni mwanafunzi wa chuo. Lugha kubwa haipungukiwi na chochote kwa kukopa. Hupungukiwa inapokopa neno ikashindwa kulitumia.

Nasi hatujashindwa. Kocha limekubali sarufi ya Kiswahili bila taabu. Wingi wake ni makocha, nalo hufuata upatanisho wa viumbe wenye uhai: kocha amefika, makocha wamefika. Limetuzalia nomino dhahania ukocha, na limekubali kuongozwa na vivumishi na virai mbalimbali: kocha mkuu, kocha msaidizi, kocha wa makipa, kocha wa viungo, kocha wa muda. Neno linalozaa hivyo limekwisha kuwa mwenyeji. Upungufu wake ni mmoja tu, kwamba halijatupa kitenzi. Mwandishi wa habari za michezo husema kocha "anaifundisha" timu, au "anainoa", kama mtu anavyonoa panga kabla ya kwenda shambani. Kitenzi hiki cha pili kimezoeleka, nasi hatuoni sababu ya kukikataza.

Mwalimu ndilo jina analoitwa kocha na wachezaji wake. Ni jina la heshima zaidi kuliko la kazi. Mchezaji husema "Shikamoo, mwalimu", hasemi "Shikamoo, kocha", isipokuwa kwa utani. Katika vyuo na shule jina hili huwa na uzito maradufu, kwa sababu anayeifundisha timu mara nyingi ni mwalimu kweli, aliyepewa michezo kuwa wajibu wa ziada. Tukiliingiza katika maandishi rasmi peke yake tutashindwa kujua ni mwalimu wa nini. Na libaki mahali pake, yaani katika mwito na katika adabu.

Mkufunzi linatokana na shina lile lile lililotupa funda, fundi, funza, mafunzo na mwanafunzi. Ni neno zuri, na magazeti ya Kenya hulitumia mara kwa mara kwa maana ya kocha. Huko halileti mgongano mkubwa. Katika Tanzania, hata hivyo, limekwisha kupewa kazi nyingine tangu zamani: ni mwalimu wa chuo, hasa kile kisichokuwa chuo kikuu, na katika muundo wa utumishi lina madaraja yake. Istilahi moja haiwezi kukalia viti viwili katika jengo moja. Mahali popote penye wakufunzi wa masomo, kumwita kocha "mkufunzi" ni kualika mkanganyiko uliowapata vijana wetu wanane.

Meneja, mwishoni, ni neno ambalo mashabiki hulichanganya kwa kusikiliza matangazo ya ligi ya Uingereza. Huko mwenye jina hilo kwa desturi alikuwa akifundisha timu na pia kuwa na sauti kubwa katika kununua na kuuza wachezaji. Hapa kwetu meneja wa timu ni mtu mwingine kabisa: hushughulikia safari, malazi, vifaa na leseni za wachezaji. Basi lisipofika, wa kuulizwa ni meneja. Mshambuliaji akiachwa peke yake mbele, wa kuulizwa ni kocha. Wote hawa, pamoja na daktari wa timu na mtunza vifaa, huitwa kwa jumla benchi la ufundi.

Tofauti hizi si za kamusini tu. Pale Ibadakuli tuliwauliza waliotaka mwalimu aondolewe wataje makosa yake moja moja. Walitaja makosa saba. Tulipoyagawa, matatu yalikuwa ya kocha, manne yalikuwa ya meneja ambaye timu yao haina. Mtu mmoja alikuwa akihukumiwa kwa kazi za watu wawili, kwa sababu jina alilopewa lilikuwa pana mno.

Jina la tendo

Kama jina la mtu linaleta matata, jina la kuondoka kwake linaleta matata zaidi. Magazeti na mabaraza yetu ya vijiweni yana utajiri wa misemo katika jambo hili. Kocha "hutimuliwa", kama vumbi linavyotimuliwa. "Hufungashiwa virago", kama msafiri asiyetaka safari. "Humwaga unga". "Kibarua chake huota nyasi", na hapa tukumbuke kwamba kibarua asili yake ni barua ndogo, ile karatasi aliyopewa mfanyakazi wa kutwa kuonyesha siku alizofanya kazi. Wakenya husema kocha "amepigwa kalamu". Misemo hii ni pambo la lugha, wala hatuna nia ya kuipiga vita. Lakini pambo halifai kutumika katika barua rasmi, kwa sababu halielezi nani ametenda, kwa sababu gani na kwa utaratibu upi.

Kwa bahati njema Kiswahili kina mnyambuliko, na mnyambuliko huo umekwisha kutufanyia nusu ya kazi. Tutazame kitenzi kimoja tu, acha.

Kocha anapoacha kazi, mtendaji ni yeye. Anapoachishwa kazi, mtendaji ni mwajiri. Klabu na kocha wanapoachana, kiambishi cha kutendana kinatuambia kwamba kila mmoja amemwacha mwenzake. Hii ndiyo kauli inayopendwa na viongozi wa klabu, na si vigumu kuona sababu. Tarehe 5 Novemba 2023 Simba ilifungwa na Yanga magoli 5 kwa 1. Siku mbili baadaye ikatangazwa kwamba Simba na kocha wake Mbrazili, Roberto Oliveira, maarufu kwa jina la Robertinho, wamefikia makubaliano ya kusitisha mkataba. Mitaani hakuna aliyesema wameachana. Walisema ametimuliwa. Hatuwezi kusema kwamba taarifa ilikuwa ya uongo, kwa kuwa makubaliano ni makubaliano hata yakifikiwa siku mbili baada ya kipigo. Tunachosema ni kwamba msomaji anayeijua sarufi ya lugha yake akikuta "wameachana" anayo haki ya kuuliza nani alianza. Mke na mume nao huweza kuachana, lakini jirani hutaka kujua kama talaka ilitolewa au iliombwa.

Kujiuzulu ni tofauti na yote hayo. Ni tendo la mwenye kazi mwenyewe, nalo huwa na sababu anayoitaja yeye. Mwaka 2016 Jamhuri Kihwelo, mashuhuri kwa jina la Julio, alitangaza kujiuzulu ukocha wa Mwadui hapa hapa mkoani Shinyanga, akilalamikia uamuzi wa marefa. Hakuachishwa, wala hakusimamishwa. Anayeandika kwamba "aliondolewa" anaiandika historia upya kwa kutojali kiambishi.

Kusimamishwa ni kuzuiwa kwa muda huku shauri likiendelea, mkataba ukiwa bado hai. Kufungiwa ni adhabu ya chombo kinachosimamia mchezo, si ya mwajiri. Mfano mmoja unazo istilahi hizi zote mbili, na ya tatu juu yake. Mwezi Januari 2024, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika huko Kodivaa, Shirikisho la Soka la Afrika lilimfungia kocha wa Taifa Stars, Adel Amrouche, michezo 8 kwa sababu ya matamshi yake kuhusu Moroko. Shirikisho la Tanzania, ambalo ndilo lililokuwa mwajiri, likamsimamisha. Hemed Suleiman akateuliwa kukaimu. Katika siku moja kocha mmoja alifungiwa na wengine, akasimamishwa na wengine, na mwenzake akakaimu nafasi yake. Mwandishi aliyeeleza yote hayo kwa neno "ametimuliwa" aliwanyima wasomaji wake habari mbili kati ya tatu.

Kuachishwa kazi, hatimaye, si neno la uwanjani tu. Ni neno la sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Kocha mwenye mkataba ni mwajiriwa kama mwingine, na kufungwa mara tano hakumwondolei haki ya kusikilizwa. Mkataba ukivunjwa kabla ya wakati wake, mara nyingi hufuata fidia. Ukubwa wa fidia hiyo hutegemea nchi na mchezo. Huko Marekani, ambako timu za vyuo vikuu hucheza mpira wao wa kubeba mikononi mbele ya makumi ya maelfu ya watazamaji, Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimwachisha kazi kocha wake mkuu, Jimbo Fisher, tarehe 12 Novemba 2023, juma lile lile alimoondoka Robertinho. Fidia aliyostahili kulipwa kwa mujibu wa mkataba ilikuwa zaidi ya dola milioni 75. Mashabiki wa chuo hicho walikuwa wakibishana kwa miezi mingi, kama vijana wetu wa chini ya mwarobaini. Tofauti ni kwamba mwalimu wa Ibadakuli hana mkataba wa ukocha, halipwi posho ya ukocha, na filimbi anayopuliza aliinunua mwenyewe. Mtu wa namna hiyo hawezi kuachishwa kazi ya ukocha, kwa sababu hajaajiriwa kuifanya. Anaweza tu kupunguziwa wajibu, au kupumzishwa. Istilahi isiyolingana na hali ya mtu haimwelezi, humdhulumu.

Jina la msemaji

Liko jambo la tatu ambalo halikutajwa katika barua zile, nalo ni jina la wale wanaosema. Je, ni mashabiki, wapenzi, au wanachama?

Shabiki ni mtu anayeishangilia timu. Hahitaji kadi wala kiingilio, na hakuna anayeweza kumvua ushabiki. Mpenzi ni neno la upole zaidi, la yule anayeufurahia mchezo wenyewe hata timu yake ikifungwa. Mwanachama ana kadi, ana ada, na ana kura katika mkutano mkuu. Ndiyo maana katika taratibu za umiliki wa klabu zetu za wanachama, kama Simba na Yanga, wanachama wametengewa asilimia 51 ya hisa wakati mwekezaji anapoingia. Mashabiki hawakutengewa asilimia yoyote, ingawa wao ndio wengi. Sauti ya shabiki ni maoni, na kura ya mwanachama ni uamuzi. Katika timu ya chuo kila mwanafunzi ni shabiki, lakini hakuna mwanachama, kwa kuwa timu ni ya chuo. Kwa hiyo barua yao ilipaswa kuwa ombi au maoni. Neno "madai" waliloliweka katika kichwa cha barua liliwapa mamlaka ambayo hawana, na ndilo lililoikasirisha ofisi kabla hata haijafika kwenye neno "mkufunzi".

Mzee tuliyemtaja alitukumbusha kwamba mgawanyo huu si mgeni kwa Wasukuma. Zamani mtemi hakuchaguliwa na umati, wala hakuondolewa na umati. Banang'oma, wazee wa baraza, ndio waliokuwa na kazi hiyo. Umati ulinung'unika, mvua ilipokosekana ulinung'unika zaidi, na wenye akili miongoni mwa banang'oma walisikiliza manung'uniko hayo. Lakini kunung'unika kulikuwa na jina lake, na kuondoa kulikuwa na jina lake. Hali kadhalika katika ngoma za mashindano za Bagika na Bagalu, mashabiki walikuwa huru kuhama kutoka duara moja kwenda jingine, na kuhama huko ndiko kulikuwa hukumu yao.

Abadilike au abadilishwe

Tumeliacha mwisho neno lililo dogo kuliko yote, nalo ndilo lililotufundisha zaidi. Barua ilisema Mkufunzi Mkuu "abadilishwe". Tulipowauliza waandishi wanane, mmoja mmoja, walikuwa na maana gani, watatu walisema aletwe mwingine. Watano walisema walitaka apange timu kwa haki na akubali kushauriwa. Mmoja wa hao watano alifikiri kidogo, kisha akasema: "Ndugu zangu, kumbe sisi tulitaka abadilike, si abadilishwe."

Tofauti iko katika viambishi viwili. Katika abadilike, kocha ni yule yule, ila mwenendo ni mwingine. Katika abadilishwe, mwenendo haukuguswa, bali mtu ameondolewa na mwingine kuwekwa. Kiswahili cha mpirani kimeongeza utata kwa kusema kwamba mchezaji "amebadilishwa" anapotolewa dakika ya 60, na kwamba kocha "amefanya mabadiliko" anapowaingiza wengine. Sikio lililozoea uwanja husikia "abadilishwe" na kuona tu kibao cha namba kikiinuliwa pembeni mwa uwanja. Sikio la ofisi husikia mtu akipoteza nafasi yake. Saini wanane zilitiwa chini ya neno ambalo wenye kutia saini watano hawakulikusudia.

Kwa kuzingatia hayo yote, tunawapendekezea waandishi, walimu wa michezo na viongozi wa timu matumizi yafuatayo:

Kocha, na kocha mkuu, itumike katika maandishi yote rasmi ya michezo. Mwalimu libaki kuwa jina la mwito na la heshima. Mkufunzi lisitumike kwa maana ya kocha mahali penye wakufunzi wa masomo.

Meneja wa timu atofautishwe na kocha, na pale ambapo mtu mmoja anafanya kazi zote mbili, iandikwe hivyo.

Kuachishwa, kujiuzulu, kusimamishwa, kufungiwa, kukaimu na kupumzishwa yatumike kila moja kwa maana yake tuliyoieleza. Mkataba uliofika mwisho wake usemwe kuwa umekwisha, wala isisemwe kwamba kocha ameondolewa. Kuachana litumike pale tu ambapo pande zote mbili zimekubaliana kweli.

Kubadilisha kocha litumike kwa maana ya kumweka mwingine. Anayetaka mwenendo ubadilike aandike hivyo, na autaje mwenendo wenyewe.

Wasomaji watapenda kujua mambo yaliishaje. Kamati ya nidhamu iliwaachilia wanafunzi wote wanane baada ya kufafanuliwa neno, na tunaisifu kwa hilo. Barua iliandikwa upya. Inaomba kocha mkuu apatiwe msaidizi, timu ipatiwe meneja, na upangaji wa wachezaji ujadiliwe na benchi lote. Safari hii ilitiwa saini na wanafunzi 31.

Hata hivyo, barua hiyo mpya ilimkosa mwenyewe. Kabla ya kikao, mtu asiyejulikana alikuwa amebandika kwenye ubao wa matangazo karatasi yenye neno moja: "Atimuliwe". Mwalimu aliipita asubuhi akienda darasani. Siku ya pili yake alirudisha ofisini ufunguo wa chumba cha mipira, akisema amechoka na angependa kupumzika. Anaendelea kufundisha somo lake vizuri, nasi tuliambiwa kwamba wachezaji wakikutana naye njiani bado humwamkia kwa jina lile lile la mwalimu. Jioni tuliyokuwapo sisi timu ilicheza bila mtu yeyote pembeni. Filimbi ilipolia kwa mapumziko, wachezaji waligeuka wote kutazama mahali alipozoea kusimama.

Katika kazi yetu tumezoea kusema kwamba istilahi ikikosewa husahihishwa katika toleo linalofuata. Ni kweli kwa karatasi. Tungewaomba wasomaji wetu walioko katika shule, vyuo na klabu watuletee maneno mengine ya namna hii yanayotumika viwanjani mwao, hasa yale yanayowahusu watu, ili tuyajadili kabla hayajabandikwa ubaoni.